King'amuzi Kinachozimwa Kikiwa Kizima

Desemba 2009 Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya televisheni ya dijitali jijini Nairobi, na waliokuwa na uwezo wakaenda madukani kutafuta ving'amuzi. Mitambo ya wakati ule ilirusha kwa mfumo wa DVB-T, na ving'amuzi vilivyouzwa vilikuwa vya mfumo huohuo. Haukupita muda mrefu Kenya ikaamua kuhamia DVB-T2. Aliyewahi kununua akajikuta na kifaa kizima, taa inawaka, rimoti inaitika, lakini hakisomi chochote kinachorushwa. Akanunua mara ya pili. Fundi hakuwa na la kumsaidia, maana hakuna kilichokuwa kimeharibika.

Naanza na kisa hicho kwa sababu ndicho tunachokisahau tukilinganisha bei za ving'amuzi. Tunauliza bei ya dukani, idadi ya chaneli, na kifurushi cha mwezi ni shilingi ngapi. Ni wachache wanaouliza kifaa hiki kitasoma mawimbi kwa miaka mingapi, na ni nani mwenye uwezo wa kukizima. Kwangu mimi maswali hayo mawili yanatangulia bei, kwa sababu ndiyo yanayoamua kama bei ilikuwa rahisi au ghali.

Tuelewane kwanza kinachobadilika ni nini. King'amuzi kinafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kupokea mawimbi jinsi yalivyorushwa, na hapo ndipo penye DVB-T na DVB-T2. Ya pili ni kufungua picha iliyobanwa ili ipite kwenye nafasi ndogo, na hapo kuna vizazi vitatu: MPEG-2 ya miaka ya 1990, kisha MPEG-4 ambayo kwenye maboksi huandikwa H.264, kisha HEVC iliyotoka 2013 ambayo huandikwa H.265. King'amuzi kikikosa mojawapo ya uwezo huo, hakuna picha. Kinaweza kuyapokea mawimbi vizuri kabisa kikashindwa kuifungua picha, na mtazamaji akabaki na skrini nyeusi huku sauti ikisikika, au jina la chaneli likitokea bila kitu nyuma yake.

Mamlaka za nchi hazibadilishi mifumo kwa kupenda usumbufu. Masafa ni mali adimu. Nchini Uingereza, ilikoanzia televisheni ya dijitali ya antena Novemba 1998, masafa ya chaneli moja yaliyobeba takriban megabiti 24 kwa sekunde kwa DVB-T yalibeba takriban 40 yalipohamishiwa DVB-T2 mwishoni mwa 2009. MPEG-4 nayo inahitaji karibu nusu ya nafasi iliyohitajika na MPEG-2, na HEVC inakaribia nusu ya hiyo nusu. Ukijumlisha, mnara uliokuwa ukirusha vituo sita au vinane sasa unaweza kurusha kumi na tano, ishirini. Wakati huohuo kampuni za simu zinayataka masafa hayohayo kwa ajili ya intaneti. Sehemu ya juu ya masafa ya televisheni imeshahamishiwa simu katika nchi nyingi, na televisheni imesukumwa chini ya megahezi 694. Mkulima wa Kilosa hana sauti katika mazungumzo hayo, lakini ndiye anayelipa king'amuzi kipya.

Sisi wa Afrika Mashariki, ukiondoa wale Wakenya wa mwanzo, kuchelewa kulitunufaisha. Makubaliano ya Geneva ya 2006 yaliweka 17 Juni 2015 kuwa tarehe ya mwisho ya kulindwa kwa matangazo ya analojia, na nchi zetu zilipoanza kuhama kwa wingi DVB-T2 ilikuwa imeshafika sokoni. Wafaransa, Wajerumani na Waitaliano waliowahi ndio walioingia dukani mara mbili. Kwa hiyo mtu wa Mwanza au Kisumu aliyenunua king'amuzi cha DVB-T2 chenye MPEG-4 mwaka 2014 alinunua kitu chenye umri mrefu kuliko mwenzake wa Berlin aliyekuwa na DVB-T. Nitarudi Berlin baadaye, kwa sababu yaliyotokea kule yanaonyesha kitakachofuata huku.

Kuna jambo jingine linalozima king'amuzi, nalo kwetu limewaumiza watu wengi kuliko mabadiliko ya teknolojia: kufuli. Tanzania ilipozima analojia Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012, na baadaye Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya, kazi ya kujenga mitambo ya dijitali ilikuwa imekabidhiwa kampuni tatu: Star Media, Agape Associates na Basic Transmissions. Kila moja ilikuwa na minara yake, na kila moja ilikuwa na king'amuzi chake. Mtazamaji hakuwa amenunua king'amuzi cha televisheni ya Tanzania, alikuwa amenunua king'amuzi cha kampuni fulani. Kituo anachokipenda kikiwa kwenye mnara wa mwingine, alitakiwa awe na cha pili. Nyumba zenye ving'amuzi viwili vilivyobebana juu ya TV, na rimoti tatu kwenye kochi, zilikuwa nyingi, na hadi leo zipo.

Kenya nayo ilionja uchungu wa aina yake. Februari 2015 analojia ilipozimwa huku mvutano wa kisheria kati ya mamlaka na vyombo vikubwa vya habari ukiendelea, Citizen, KTN, NTV na QTV vilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Kiini cha mvutano kilikuwa nani arushe matangazo ya nani, na king'amuzi cha nani kiruhusiwe kubeba chaneli zipi. Mtu mwenye king'amuzi cha kulipia alikaa mbele ya skrini akilipia kifurushi ambacho hakikuwa na taarifa ya habari aliyoizoea.

Kisha 2018, Tanzania, chaneli za bure za ndani zikaondolewa kwenye ving'amuzi vya setilaiti vya kulipia kwa sababu masharti ya leseni hayakuruhusu zibebwe humo. Mwenye dishi lililomgharimu fedha nyingi akalazimika kutafuta king'amuzi cha antena ili aone ITV au Star TV, vituo ambavyo havijawahi kumdai alipie kifurushi. Kifaa chake hakikuwa na kasoro yoyote, na mfumo wa mawimbi haukubadilika. Kilichobadilika ni ruhusa.

Basi tulinganishe kwa kuangalia uhuru wa kifaa pamoja na bei. Nitatumia namba nilizozitunga kwa ajili ya hesabu tu. Wewe weka za mtaani kwako, utaona mwelekeo ni uleule.

Chukua king'amuzi cha kampuni ya kulipia kinachouzwa kwa ofa ya shilingi 40,000. Bei hiyo ni ndogo kwa sababu kampuni inategemea kuirudisha kwenye vifurushi. Kifurushi kikiwa 15,000 kwa mwezi, ukilipa kila mwezi kwa miaka mitano umetoa 900,000 kwa vifurushi na 40,000 kwa kifaa, yaani 940,000, au 188,000 kwa mwaka. Kando yake weka king'amuzi huru, yaani kisichofungwa na kampuni yoyote, cha 80,000 na antena ya nje ya 30,000. Kikidumu miaka hiyohiyo mitano ni 110,000, yaani 22,000 kwa mwaka. Sasa mpe huyu mwenye king'amuzi huru bahati mbaya kuliko zote: mfumo ubadilike mara mbili ndani ya miaka mitano, anunue ving'amuzi vitatu. Antena inabaki ileile. Ametumia 270,000, na kwa mwaka ni 54,000. Hata kwa bahati mbaya namna hiyo, bado hajafika theluthi ya alichotoa mwenzake.

Najua jibu la mpenzi wa mpira. Chaneli za bure hazitampa Simba na Yanga kila wiki, maana haki za Ligi Kuu ya Tanzania Bara ziko Azam, na Ligi Kuu ya England wengi wanaifuata DStv. Hilo ni kweli, na sitamwambia mtu aache anachokipenda. Ila hesabu ya mtu huyo ifanyike kwa miezi anayoangalia kweli. Akilipa miezi sita tu kwa mwaka, gharama yake ya miaka mitano kwa namba zangu inashuka hadi 490,000. Na akiwa anafuata mechi kubwa nne au tano kwa mwezi, apige hesabu ya kiingilio cha kibanda umiza kwa mechi hizo aone iko wapi dhidi ya kifurushi. Kwa vijana wengi wasio na familia, kibanda kinashinda, na mechi kibandani ina raha yake.

Njia ninayoiona bora kwa nyumba yenye watoto na wazee ni kuwa na king'amuzi huru cha antena kama msingi, kisha cha kulipia kiongezwe juu yake kwa msimu, kikihitajika. Wengi wetu tumefanya kinyume. Tumeweka cha kulipia kuwa ndicho pekee, na kifurushi kikiisha tarehe ishirini nyumba nzima inabaki gizani, bibi hapati hata taarifa ya habari. Masharti ya leseni nchini Tanzania yalitaka chaneli za kitaifa zisizolipiwa zionekane kwenye ving'amuzi vya antena hata kifurushi kikiisha. Kama chako kinazifunga, piga simu huduma kwa wateja, kisha wasipokusikiliza peleka malalamiko Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa maandishi.

Dukani sasa. Nilisimama kwenye duka moja Kariakoo nikimsikiliza muuzaji akimhudumia mama mmoja wa makamo. "Mama yangu, hiki kinashika chaneli zote, halafu kinaingia mpaka intaneti, huhitaji kulipia tena maisha." Mama akamjibu taratibu, "Mwanangu, mimi hiyo intaneti siijui. Nionyeshe kikishika." Kijana akakichomeka kwenye TV ya ukutani, akakiamuru kitafute chaneli, na zikaja. Mama alifanya jambo la busara kabisa, ila halikutosha. Kuona chaneli Kariakoo kunathibitisha kwamba kifaa kinasoma mfumo unaotumika. Hakuthibitishi kwamba nyumbani kwake Chanika mawimbi yanafika, wala hakumwambii kifaa kitasoma nini baada ya miaka minne.

Jibu la hilo la pili liko nyuma ya boksi, kwa maandishi madogo. Geuza boksi. Ukiona DVB-T peke yake bila namba 2, rudisha rafuni, hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa. DVB-T2 ndiyo unayoitaka, na kwa kawaida chenye T2 kinasoma na T ya zamani. Kisha tafuta H.265 au HEVC. Vingi vya bei ya chini vinaishia H.264, au MPEG-4, ambayo inasoma matangazo ya leo bila shida. Tofauti ya bei kati ya hivyo viwili ikiwa ndogo, ongeza. Ukiwa unanunua kwa kubana matumizi na tofauti ni kubwa, cha H.264 si kosa, mradi ujue umenunua miaka michache badala ya mingi. Angalia pia DVB-S2: hiyo ni ya dishi, si ya antena, na wauzaji wengine huichanganya na T2 kwa sababu namba ni ileile. Kwa anayetumia sola, kuna jambo lenye thamani kuliko hayo yote: tazama adapta. King'amuzi kinachotumia volti 12 au volti 5 kinaweza kuungwa kwenye mfumo mdogo wa sola bila inveta, na inveta ndogo hula umeme wa betri hata pasipo kazi kubwa.

Mkiwa hapo dukani mtauziwa na "antena ya dijitali". Msilipie nyongeza kwa jina hilo. Antena haijui kama mawimbi ni ya analojia au ya dijitali. Inajua masafa tu. Antena ya UHF iliyokuwa juu ya paa tangu enzi za TV za chogo, kama waya wake haujaoza, inapokea DVB-T2 vilevile. Elekeza kwenye mnara, badilisha waya uliokufa, basi. Fedha ya antena mpya ipelekwe kwenye nguzo ndefu kama nyumba iko bondeni. Nimeona watu wakibadilisha ving'amuzi viwili vitatu kwa tatizo lililokuwa la waya ulioingia maji.

Na kabla ya kutangaza kwamba king'amuzi kimekufa, tafuta chaneli upya. Vituo huhamishwa masafa bila mfumo kubadilika, na king'amuzi kinaendelea kuvitafuta mahali pa zamani. Nchini Marekani, serikali ilipouza sehemu ya masafa kwa kampuni za simu, vituo karibu elfu moja vilihamishwa kati ya 2018 na 2020, na kwa watazamaji wengi dawa ilikuwa kubonyeza rimoti wakatafuta upya. Huku kwetu jambo hilohilo linatokea mnara unapobadilishiwa masafa, na kuna mafundi wanaotoza fedha nzuri kwa kazi ya dakika tatu ambayo mtoto wa darasa la tano anaiweza.

Sasa Berlin. Tarehe 29 Machi 2017 Ujerumani ilizima DVB-T katika miji yake mikubwa na kuwasha DVB-T2 yenye HEVC. Walioumia zaidi ni waliojiona wajanja: walishasikia kwamba DVB-T2 inakuja, wakanunua mapema vifaa vya DVB-T2 vyenye H.264. Vikazima pamoja na vile vya zamani kabisa. Juu ya hayo, chaneli za kibiashara ambazo zamani zilikuwa bure hewani zikafungwa kwa huduma iitwayo freenet TV, iliyoanza kwa euro 69 kwa mwaka. Vituo vya umma vikabaki bila kufuli, maana kaya zote zinavilipia kwa ada ya lazima. Kwa hiyo familia ya Kijerumani ilinunua kifaa, ikaambiwa pia ilipe kila mwaka kwa kilichokuwa bure. Mabadiliko ya kiufundi yalikuja yamebeba kufuli mgongoni, na hilo ndilo ninaloliogopa kwetu kuliko H.265 yenyewe. Siku mamlaka zetu zitakapotaka kuhama tena, kuwepo kwa mfumo mpya kusiwe mlango wa kuzifungia chaneli zilizokuwa za wote.

Wafaransa walifanya kwa upole kidogo. Usiku wa kuamkia 5 Aprili 2016 walizima MPEG-2 na kubaki na MPEG-4, DVB-T ikiwa palepale, na kaya zilizosamehewa ada ya televisheni zikapewa msaada wa euro 25, fedha iliyokaribia bei ya kifaa chenyewe. Italia ilihamisha chaneli zake kutoka MPEG-2 mwaka 2022 na kutoa bonasi ya euro 30 kwa kaya za kipato cha chini. Marekani ilipozima analojia 12 Juni 2009 ilikuwa imeshagawa kuponi za dola 40, hadi mbili kwa kila kaya iliyoomba. Kwetu serikali za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliondoa kwa muda ushuru wa forodha wa asilimia 25 kwenye ving'amuzi, jambo jema, lakini msamaha wa ushuru humfikia mwagizaji bandarini kwanza, na mnunuzi hana namna ya kujua ni kiasi gani kimemfikia yeye dukani. Kuponi ingekuwa mkononi mwa mama wa Chanika.

Wenye ndugu Ulaya, Marekani au Japani wana hesabu yao ya pekee. TV nzuri ikiletwa kwenye kontena, au ya mtumba kutoka Dubai, hupokelewa kwa furaha, kisha antena inachomekwa na hakuna kinachoonekana. Marekani hutumia mfumo wa ATSC, Japani ISDB-T, China DTMB. Hakuna hata mmoja unaosoma DVB-T2 ya hapa. Kutoka Uingereza, TV ya kabla ya 2010 inajua DVB-T tu. Kama TV ina tundu la HDMI, tatizo ni dogo: nunua king'amuzi huru, chomeka, maliza. Za Marekani na Japani ziangaliwe kwanza umeme, kwa kuwa kule ni volti 120 na 100, na TV isiyokubali 240 itaungua siku ya kwanza. Na kwa ndugu zetu waishio Marekani wenyewe, wanao mfumo mpya wa ATSC 3.0 ulioruhusiwa mwaka 2017, ambao baadhi ya vituo vyake vimewekewa ulinzi wa kidijitali kiasi kwamba kifaa kisichoidhinishwa hakifungui picha. Kabla hujamlipia mzazi wako wa kule kifaa cha antena, soma kama kimeidhinishwa kufungua vituo hivyo.

Vipi kuhusu TV yenye king'amuzi ndani? Naipenda kwa sababu ya rimoti moja na waya mmoja, na kwa mzazi mzee urahisi huo una thamani. Usiilipie ziada kubwa tu. TV bapa ya kawaida huweza kukaa nyumbani miaka minane au kumi, na mawimbi yanaweza kubadilika katikati. Yakibadilika unaweka king'amuzi cha nje na maisha yanaendelea. Neno "smart" kwenye boksi halimaanishi kuna DVB-T2 ndani. Programu za hizo TV nazo zina umri wake: Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za 2010 na 2011, na wenye nazo hawakuwa wamekosea lolote.

Kuna wanaoniambia haya yote yamepitwa, kila kitu kitahamia intaneti. Hebu tupige hesabu. Video ya ubora wa kawaida hula takriban gigabaiti 0.7 kwa saa, na ya HD inaweza kufika 3. Nyumba inayowasha TV saa nne kwa siku ina saa 120 kwa mwezi. Kwa ubora wa kawaida ni gigabaiti 84. Kwa HD ni 360. Zidisha kwa bei ya bando unalonunua. Mwenye fiba isiyo na kikomo nyumbani hana wasiwasi, na kwake kweli king'amuzi kimekuwa cha ziada. Lakini anayenunua bando la simu la siku hataweza, wala hapaswi kushauriwa ajaribu. Mawimbi ya mnara yanawafikia watu mia na watu milioni kwa gharama ileile, na mtazamaji halipii saa. Hakuna teknolojia nyingine inayompa mtu wa kipato kidogo taarifa ya habari, vipindi vya watoto na hotuba ya bajeti kwa masharti hayo.

Dishi linabaki kuwa jibu la kweli kwa walio mbali na minara. Namtumbo vijijini au Turkana, antena haina pa kuelekea. Gharama yake ya mwanzo ni kubwa kwa sababu ya fundi wa kulielekeza, mvua kubwa hukata picha, na upepo ukilisogeza kidogo tu unamuita fundi tena. Kimfumo nalo halikwepi mabadiliko: BBC ilizima matoleo ya ubora wa kawaida kwenye setilaiti Januari 2024, na ARD ya Ujerumani ikafuata Januari 2025. Wenye vifaa visivyosoma HD wakaachwa. Kwa hiyo hata kwa dishi, king'amuzi kiwe cha DVB-S2 na HD, cha kampuni ambayo imekuwepo kwa muda na yenye wakala karibu nawe.

Kama ulicho nacho leo ni DVB-T2 na kinaonyesha vituo unavyovitaka, usikibadilishe kwa sababu muuzaji amekutajia H.265. Mfumo haubadiliki kimyakimya usiku mmoja. Mamlaka hutangaza, na matangazo hayo hutolewa redioni, magazetini na kwenye TV yenyewe. Subiri TCRA au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya itaje tarehe, na hadi hapo iache fedha yako ilipe ada ya mtoto. Vilivyokufa usivitupe jalalani: adapta, waya wa AV na waya wa HDMI huweza kutumika kwenye kipya, na mafundi wengi huchukua vilivyobaki kwa ajili ya vipuri. Siku utakapolazimika kununua, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti, kwa kalamu yake, "DVB-T2, H.265", pamoja na tarehe na muda wa dhamana. Akikataa kuandika alichokuahidi kwa mdomo, duka la pili liko hatua chache mbele.